Siku ya 19 ya paleo na chapati nne za usiku

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, kilo 78, kazi yangu ni ya ofisini hapa Dar. Nimeanza paleo, ule mtindo wa kula kama watu wa kale, kwa siku 30, ile kali kabisa: sili nafaka, maharage na jamii yake, maziwa, sukari wala asali, na chumvi nimepunguza mpaka karibu naiacha. Viazi na muhogo nimeacha pia maana mwalimu wangu wa mazoezi alisema vinanenepesha. Asubuhi nakula yai moja na chai ya rangi isiyo na sukari, mchana kipande cha kuku na kachumbari, usiku samaki wa kuchoma na mchicha. Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, nikafurahi sana. Sasa kila ikifika saa kumi jioni natetemeka kwa hamu ya chai ya maziwa na chapati, kichwa kinauma, nawagombeza watoto bila sababu. Nawapakulia wali na maharage huku nimekaa pembeni utadhani nimeadhibiwa. Juzi, siku ya 19, saa tano usiku niliingia jikoni nikala chapati nne za baridi nikiwa nimesimama. Kesho yake sikula kitu mpaka jioni. Kwenye mpango wanasema ukiteleza unarudi siku ya kwanza. Je, mwili wangu una upungufu wa kitu ndiyo maana unadai chapati? Au mimi ni dhaifu tu? Nianze upya?"

Marahaba, dada. Nianze na la mwisho kwa sababu ndilo naona linakuumiza zaidi. Usirudi siku ya kwanza, na huo si udhaifu. Ulichokieleza ni njaa ya kweli, wiki ya tatu mfululizo, ndani ya mpango ulioubana kuliko hata paleo yenyewe inavyotaka. Hamu ya chapati ipo na nitaizungumzia, lakini imekaa juu ya njaa. Ukihangaika na hamu ukaiacha njaa, saa kumi ya kesho itakukuta palepale.

Tuihesabu sahani yako. Yai moja lina kalori kama 75. Kipande cha kuku cha wastani na kachumbari, tuseme 250. Samaki wa kuchoma na mchicha wenye mafuta kidogo, 300. Jumla 625. Hata kama nimekupunja hapa na pale, haifiki 800. Mwanamke wa umri na uzito wako anayekaa ofisini anahitaji kama 1,900 hadi 2,000 kwa siku ili uzito ubaki ulivyo. Anayetaka kupungua kwa utaratibu mzuri hukata 400 au 500 kutoka hapo. Wewe umekata zaidi ya 1,200. Protini yako ni gramu 55 hivi, wakati kwa uzito wako, ukiwa unapunguza mwili, ningependa uikaribie 90. Wanga haufiki hata gramu 30.

Sasa angalia saa. Ikifika saa kumi jioni, tangu umeamka alfajiri umekula kalori 325. Chapati moja ya kusukuma, yenye mafuta ya kutosha, inakaribia kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mwili unapoidai chapati saa hiyo, unadai mlo mzima ulioukosa.

Chakula kikipungua namna hii, tumbo hutoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na mafuta ya mwili hutoa leptini kidogo, ile inayoiambia akili kwamba akiba ipo. Ubongo nao huongeza macho na pua kwa vyakula vyenye nguvu nyingi. Ndiyo maana si kachumbari unayoitamani. Unatamani kitu cha ngano na mafuta, chenye harufu inayovuka koridoro. Usingizi ukipungua, hali hiyo huwa mbaya zaidi: usiku mbili tatu za kulala kwa muda wa saa nne au tano tu zinatosha kuiongeza njaa ya kesho yake, na watu wengi wenye njaa kali hawalali vizuri.

Jambo hili lilichunguzwa kwa undani miaka ya 1944 na 1945 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya mtafiti Ancel Keys. Vijana 36 wenye afya walijitolea kula takriban nusu ya chakula chao cha kawaida, kama kalori 1,570 kwa siku, kwa wiki 24. Walianza kuota chakula, kukizungumzia mchana kutwa, kusoma vitabu vya mapishi, kukasirika kwa mambo madogo. Walikuwa wamechaguliwa kwa uimara wao wa mwili na akili. Hali yenu si sawa: wao walikuwa wanaume, hawakuwa na mafuta ya ziada, na walitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Lakini wewe unakula chini ya nusu ya walichokula wao, halafu unashangaa kwa nini unawagombeza watoto.

Kilo tatu za wiki ya kwanza nazo tuziweke wazi, maana ndizo zilizokushawishi kwamba ukali huu unafanya kazi. Misuli na ini huhifadhi wanga kwa jina la glikojeni, kama gramu 500 kwa mtu mzima, na kila gramu moja hushika gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka. Hapo tu kuna karibu kilo mbili. Mafuta uliyopoteza wiki ile yalikuwa kilo moja hivi au pungufu. Ni vizuri, lakini siyo kilo tatu.

Maji hayo hayakuondoka peke yake. Insulini, homoni inayopanga sukari kwenye damu, ikishuka kwa kukosa wanga, figo huachia chumvi nyingi kwenye mkojo. Wewe papo hapo umeondoa chumvi kwenye chungu, na unaishi Dar ambako mtu hutoka jasho hata akiwa kituoni anasubiri daladala. Kichwa kuuma, kutetemeka, kizunguzungu ukisimama haraka: sehemu kubwa inaweza kuwa hiyo, pamoja na njaa. Kama zamani ulikuwa unakunywa vikombe vinne vya chai, maumivu ya kichwa ya siku za mwanzo yangeweza kuwa ya kukosa kafeini, ila hayo huisha ndani ya siku tisa hivi. Siku ya 19 siyo hayo.

Kwa hiyo chumvi irudi. Kama huna shinikizo la juu la damu, ugonjwa wa figo au moyo, tumia nusu hadi robo tatu ya kijiko cha chai kwa siku nzima, ukihesabu na ya kupikia. Hiyo bado iko chini ya ukomo wa gramu 5 wa Shirika la Afya Duniani. Itoke kwenye pakiti ya chumvi ya kawaida iliyotiwa madini joto. Chumvi za waridi na za mawe zinazosifiwa kwenye paleo mara nyingi hazina madini hayo. Na hili si la kinadharia: nchini Sweden wanawake waliokula kwa mtindo wa paleo kwa miaka miwili walipopimwa mkojo, madini joto yao yalikuwa yameshuka. Walikuwa wameacha maziwa na chumvi ya dukani, sawasawa na wewe.

Umeuliza kama mwili unadai chapati kwa sababu ya upungufu fulani. Imani hiyo imeenea sana, na kwa kiasi kikubwa si kweli. Ingekuwa kweli, mwenye upungufu wa madini chuma angeota maini na mwenye upungufu wa kalsiamu angeota dagaa. Hamu hufuata mazoea, harufu, saa na kilichokatazwa. Kama kwa miaka ofisini kwenu chai hupita saa kumi, ubongo umejifunza saa hiyo na huanza kujiandaa kabla chupa haijafika. Ipo hali moja ambayo siwezi kuipuuza: hamu ya kula udongo, barafu au mchele mbichi. Hiyo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, hasa kwa mwanamke anayepata hedhi nzito. Ukiwa nayo, nenda ukapime damu, usiishie kubadilisha chakula.

Sasa paleo yenyewe. Mwalimu wako wa mazoezi amekuchanganyia mipango miwili. Paleo haikukataza wanga. Imekataza nafaka, jamii ya kunde, maziwa, sukari na vyakula vya viwandani. Viazi vitamu, magimbi, viazi vikuu, muhogo na ndizi za kupika vinaruhusiwa na karibu wote wanaoifuata. Ukiviondoa hivyo unabaki na mlo wa wanga kidogo sana, ambao ni jambo jingine lenye masharti yake.

Na hoja ya kihistoria, kwamba watu wa kale hawakula wanga, haisimami, hasa kwetu. Wazo hili lilipata nguvu mwaka 1985 kwa makala ya watafiti wa Marekani Boyd Eaton na Melvin Konner katika jarida la tiba la New England. Lakini hapa Tanzania tuna Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kukusanya. Wanakula nyama, ndiyo, lakini pia mizizi wanayochimba, ubuyu, matunda ya porini na asali kwa wingi kila msimu wake unapofika. Msumbiji, katika pango la Ngalue, yamekutwa mabaki ya wanga wa jamii ya mtama kwenye zana za mawe za takriban miaka 100,000 iliyopita. Wataalamu wanabishana jinsi ulivyotumika, ila inatosha kutufanya tusiapie kwamba nafaka ni jambo la jana.

Maharage nayo yanasingiziwa. Ni kweli maharage mekundu mabichi yana lektini inayotapisha vibaya. Ukiyaloweka kwa muda wa saa tano au zaidi, ukamwaga maji, ukayachemsha kwa nguvu mpaka yaive, sumu hiyo huharibika. Hakuna Mswahili anayekula maharage mabichi. Hatari hubaki kwa anayeyapika kwa moto mdogo usiofikia kuchemka. Tena kwa hoja ya sumu, muhogo unaoruhusiwa ndio wa kuogopwa zaidi, maana ule mchungu una sianidi na usipomenywa, kulowekwa na kupikwa vizuri hudhuru. Watu wanaochukia kunde kwa sababu ya sumu huku wakila muhogo bila kufikiri wanarudia walichosikia tu.

Je, paleo inafaa chochote? Inafaa, na sipendi kuidharau. Inaondoa soda, mandazi, biskuti na chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yaliyochoka, inarudisha mboga na samaki. Utafiti ule wa Sweden ulihusisha wanawake 70 waliokwisha koma hedhi. Wa paleo walipungua mafuta zaidi ya wenzao kwenye miezi sita, lakini ilipofika miaka miwili tofauti ya uzito haikuwa ya maana tena, ingawa mafuta ya aina ya trigliseridi kwenye damu yao yalibaki chini zaidi. Hayo ndiyo matarajio ya haki: mwanzo mzuri, na baadaye kinachobaki ni kile unachoweza kuendelea nacho.

Una njia tatu. Ya kwanza, umalize siku zilizobaki kwa paleo kali lakini sahani ijae. Inafaa kama una sababu ya kupima chakula fulani, kwa mfano tumbo hujaa gesi ukinywa maziwa. Ya pili, uendelee bila sukari na vyakula vya viwandani, lakini urudishe kunde na maziwa mgando, na nafaka nzima kiasi kidogo. Ya tatu, uache kabisa urudi kama zamani. Hiyo ya tatu sikushauri uiamue leo ukiwa na njaa na hasira. Kama lengo lako ni uzito, mimi ningekupeleka kwenye ya pili. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi za protini na kama hizo za nyuzinyuzi, ni cha bei nafuu, na ndicho wanachokula watoto wako. Sijaona sababu ya kiafya ya kukuzuia.

Kanuni ya kurudi siku ya kwanza ina maana sehemu moja tu: mtu anayetafuta chakula kinachomdhuru huhitaji siku kadhaa safi, ndipo arudishe kimoja kimoja, siku tatu kwa kila kimoja, akiandika anachohisi. Kwa anayepunguza uzito haina kazi. Mafuta uliyopoteza siku 18 hayarudi kwa chapati nne.

Hebu tuihesabu siku ile yenyewe. Ulikuwa umekula 625. Chapati nne, tuseme 1,200. Jumla 1,825. Siku unayodhani uliharibu kila kitu, ulikula pungufu ya mahitaji yako ya kawaida. Kama mzani kesho yake ulipanda kilo moja, hayo ni maji yaliyorudi na glikojeni na chumvi. Kosa la siku ile lilifanyika mapema: kwenye yai moja la asubuhi.

Kwa nini hukuishia chapati moja? Mwaka 1975 watafiti Herman na Mack waliwapa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu maziwa matamu yaliyopigwa na barafu, kisha wakawaachia aisikrimu wale watakavyo. Wasiojinyima, wakishakunywa maziwa yale, walikula aisikrimu kidogo. Wanaojinyima walikula zaidi baada ya kunywa kuliko walivyokula bila kunywa. Mstari ukishavukwa, akili husema siku imeshaharibika, basi niende mpaka mwisho, kesho naanza upya. Kadiri mstari unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyovukwa kirahisi. Halafu ile kesho ukafunga mpaka jioni, na kwa kufunga huko ukaandaa usiku mwingine kama ule. Ikitokea tena, amka ule kifungua kinywa chako cha kawaida, saa ile ile, kiasi kile kile. Usijipime kwa siku nne tano.

Sahani ninayopendekeza, ukitaka kubaki ndani ya paleo, ni hii. Asubuhi mayai mawili, kiazi kitamu cha kuchemsha cha gramu 200 (kinazidi ngumi yako kidogo) na nusu ya parachichi dogo. Mchana kuku au samaki gramu 140 bila mifupa, yaani upana na unene wa kiganja chako na zaidi kidogo, mboga za majani viganja viwili zilizopikwa kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, na ndizi mbili za kupika au gramu 150 za magimbi. Saa tisa, korosho gramu 30 na tunda. Usiku samaki gramu 120, bamia au kisamvu chenye tui, na kipande cha muhogo cha gramu 100. Itakuja kalori kama 1,600 na protini inayokaribia gramu 90, na bado utakuwa unapungua. Siku ukichoka mayai, supu ya kuku wa kienyeji au ya makongoro yenye ndizi ndani inatosha kwa kifungua kinywa. Kalsiamu, kwa kuwa hunywi maziwa, itafute kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta na sukuma wiki. Mchicha ni mzuri, ila kalsiamu yake mwili huipata kwa shida kwa sababu ya oksaleti, kemikali iliyomo humo inayoishika.

Korosho zinaangusha wengi. Ukikaa na mfuko wa robo kilo mezani unaumaliza, na robo kilo ni kalori 1,400. Pima gramu 30, ambazo ni kiganja kimoja kisichofurika, zitie kwenye kikopo, mfuko mwingine uache nyumbani. Karanga paleo inazikataa kwa kuwa ni jamii ya kunde. Kiafya sioni tatizo lolote nazo kama hazikuotesha ukungu.

Kile chakula cha saa tisa usikiruke. Kila kitu kinategemea kuifikia saa kumi ukiwa umeshakula. Mtu akisubiri mpaka atetemeke ndipo atafute korosho, ameshachelewa.

Ukishakula hivyo kwa siku nne tano, hamu itakayobaki ndiyo hamu yenyewe, na itakuwa ndogo. Itambue kwa swali moja: ningeletewa mayai mawili ya kuchemsha sasa hivi, ningeyala? Jibu likiwa ndiyo, ni njaa, kula. Likiwa hapana, nataka chapati tu, ni hamu. Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata usipoila. Usipambane nayo kwa kujiambia usiifikirie chapati, maana hapo ndipo utakapoiona vizuri zaidi. Inaishi kwenye picha: mvuke, tabaka zinazochambuka, mafuta kwenye vidole. Ipe akili picha nyingine. Watafiti wa Plymouth, Uingereza, waligundua kwamba dakika tatu za kucheza Tetris, mchezo wa kielektroniki wa kupanga vipande, hupunguza makali ya hamu, kwa sababu mchezo unatumia sehemu ile ile ya akili inayochora picha. Kutembea haraka kwa dakika 15 nako kunasaidia. Shuka ngazi, zunguka jengo.

Chai unaweza kuwa nayo. Chemsha vikombe viwili vya maji na tangawizi iliyopondwa ya ukubwa wa kidole gumba, iliki tatu na kijiti kifupi cha mdalasini kwa dakika 10. Tia majani ya chai, acha dakika mbili, epua, ndipo utie robo kikombe cha tui zito. Usirudishe motoni baada ya hapo, tui litakatika na mafuta yataelea juu. Iliki na mdalasini huifanya ionekane tamu kuliko ilivyo. Kinywaji kingine ni vijiko viwili vya unga wa ubuyu kwenye maji baridi. Uwe unga mtupu, siyo ule mwekundu wa pakiti uliokwisha tiwa sukari.

Nyumbani, acha kupika vyungu viwili. Kinachochosha zaidi kwenye mipango hii ni kupikia wengine usichokula na kukaa pembeni. Pika mchuzi mmoja wa samaki wa nazi na mboga, uliwe na wote. Wao wapate wali, wewe magimbi, na siku mbili kwa wiki wote mle viazi vitamu au ndizi. Kaa mezani nao. Chapati zilizobaki ziende kwenye jokofu zikiwa zimefungwa, zisikae wazi juu ya meza ya jikoni mpaka saa tano usiku. Kwenye shughuli, kula nyumbani mayai au supu kwanza, ukifika chukua nyama na kachumbari, na kama pilau ni la mama mkwe, chukua vijiko vitatu, ukae, ule polepole bila kuomba radhi kwa mtu. Ukichagua ile njia ya pili, chapati moja Jumamosi, na maharage, mezani pamoja na watoto, ni sehemu ya mpango.

Kuna mambo yasiyoweza kungoja ushauri wa maandishi. Kama unatumia dawa za kisukari kama glibenklamidi, gliklazidi au insulini, kula kwa mtindo huu kunaweza kushusha sukari kwa hatari. Kutetemeka kwako saa kumi kungekuwa dalili ya hilo, na ungetakiwa kupimwa sukari muda huo huo na daktari apange upya dozi. Dawa za presha, hasa za kukojoza, nazo zinahitaji kuangaliwa chakula na chumvi vikibadilika. Mwenye ugonjwa wa figo asijiongezee nyama bila kupimwa. Mjamzito na anayenyonyesha asifuate mpango huu hata ule wa sahani iliyojaa kabla ya kuongea na kliniki.

Nenda hospitali ukizimia, moyo ukienda mbio umekaa, au hedhi ikikosekana (pima na mimba kwanza). Na nikuombe hili kwa uwazi: kama kula kwa siri kwa namna ya kushindwa kujizuia kunatokea mara moja kwa wiki au zaidi na kumeendelea miezi, au umewahi kujitapisha, kutumia dawa za kuharisha au kufunga ili kufuta ulichokula, acha mipango yote ya kupunguza uzito na utafute daktari au mshauri wa afya ya akili. Ni ugonjwa unaotibika, na kujibana zaidi huuongeza.

Kama hayo hayakuhusu lakini baada ya wiki mbili za sahani hii bado saa kumi inakusumbua, mwone afisa lishe wa halmashauri yako au mtaalamu wa lishe katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Nenda na karatasi yenye kila ulichokula na kunywa kwa siku tatu, moja ikiwa ya wikendi, na saa ulizokula, saa ulizolala, majina ya dawa zote pamoja na za asili, na tarehe ya hedhi ya mwisho. Omba kipimo cha wingi wa damu na sukari. Na usiipunguze ile karatasi ili ionekane nzuri: chapati za saa tano usiku ziandikwe pia.